Masikio yanalia miaka miwili: niendelee kujaribu dawa au niache kutafuta?

*Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 39, niko Nzega mkoani Tabora. Nina mashine ya kukoboa mpunga na kusaga, na huu ni mwaka wa kumi na moja nasimama nayo. Tangu mwaka juzi masikio yangu yanalia kama nyenje, usiku na mchana, la kushoto zaidi. Nimetumia matone, vidonge vya duka la dawa, asali, kitunguu saumu, na kwa mganga nimekwenda mara mbili. Zimeshatoka kama laki saba. Sasa kuna mtu anauza vidonge vya mitishamba kutoka nje, dozi ya miezi mitatu ni laki nne na nusu, na anao watu wanaosema wamepona. Mke wangu anasema tuache, hiyo ni ada ya watoto. Kaka yangu anasema mgonjwa hachoki kutafuta dawa. Nijaribu, au nikubali tu?*

Marahaba, ndugu yangu. Pole sana kwa miaka miwili ya kukosa ukimya.

Hiyo laki nne na nusu isitoke kwanza. Sababu zinakuja, lakini kuna jambo katika swali lako ambalo ni zito kuliko hivyo vidonge. Umetaja matone, asali, kitunguu saumu na mganga, ila sijaona mahali popote ambapo mtu alikupima usikivu, au hata kukuchungulia sikio kwa kifaa chenye taa. Laki saba zote zimekwenda kwenye dawa, na kujua ugonjwa wenyewe hakujapata kitu. Ndiyo maana siwezi kukujibu kwa neno moja. Kutafuta chanzo hujaanza, na hapo usiache. Kutafuta kitu cha kuuzima mlio kabisa umeshatafuta vya kutosha, na huko ndiko kunakohitaji mpaka.

Tuanze na chanzo. Kituo cha afya au hospitali ya wilaya inatosha kwa hatua ya kwanza. Omba waangalie ndani ya masikio yote mawili. Nta iliyoganda ikaziba njia inaweza kuleta mlio peke yake, na inatolewa kwa ziara moja au mbili. Kwa kawaida utaambiwa udondoshe matone mawili au matatu ya mafuta ya zeituni kwa siku 3 hadi 5 ili ilainike, kisha wakuoshe kwa maji yenye joto la mwili. Maji ya baridi huleta kizunguzungu kikali papo hapo. Haya yote yanafanyika tu baada ya mtu kuona kwamba ngoma ya sikio ni nzima. Kama ina tundu, au sikio linatoa usaha, hakuna mafuta wala maji ya kuingia humo. Na hapa nina wasiwasi na asali uliyoweka. Asali ya Tabora ni chakula kizuri, lakini ikipita kwenye tundu la ngoma inaingia sikio la kati, mahali ambapo hakuna njia rahisi ya kuitoa. Kitunguu saumu huunguza ngozi ya ndani ya sikio, ambayo ni nyembamba sana. Mwambie anayekuchunguza kila ulichoweka humo, usione haya. Vijiti vya pamba, njiti za kiberiti na funguo viache kabisa, kwa sababu vinasukuma nta ndani zaidi.

Siku hiyohiyo wapime shinikizo la damu, wingi wa damu na sukari. Ni vipimo vya bei ndogo. Vina maana zaidi kwa mtu anayesikia mlio unaodunda sambamba na mapigo ya moyo. Wa kwako wa nyenje hauelekei kuwa wa aina hiyo, lakini weka vidole kwenye mapigo ya mkono usiku mmoja, usikilize kama vinakwenda pamoja. Vikienda pamoja, sema hivyo kliniki kabla ya jambo lingine lolote.

Kisha andika dawa zote ulizotumia tangu miezi michache kabla mlio haujaanza. Kwinini, iliyotumika sana kutibu malaria, huleta mlio, na mara nyingi mlio huo hupungua dawa ikiisha. Aspirini kwa dozi kubwa hufanya vivyo hivyo. Sindano ya gentamisini ni hatari zaidi, kwa sababu inaweza kuua seli za sikio la ndani moja kwa moja, na sindano zilizokuwa zikitumika kwa kifua kikuu, kama streptomaisini na kanamaisini, ni za ukoo huohuo. Kama sasa hivi unatumia dawa yoyote uliyoandikiwa na daktari, usiikatishe mwenyewe. Peleka orodha, waamue.

Baada ya hapo ndipo kipimo chenyewe cha usikivu. Kwa Tabora anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete. Piga simu au uliza kabla ya kupanda gari ni siku gani kuna kliniki ya masikio, pua na koo, na kama mashine ya kupima usikivu inafanya kazi wiki hiyo. Ikishindikana, kutoka Nzega barabara ya Shinyanga inakufikisha Mwanza, na hospitali ya Bugando wana kliniki hiyo. Usiende ukitoka mashineni. Kaa mbali na kelele angalau saa 14 hadi 16 kabla, maana sikio lililotoka kwenye kelele huwa limechoka na hupimwa kama baya kuliko lilivyo.

Utakaa mahali pa kimya na vipokea sauti masikioni, utaonyesha ishara kila unaposikia sauti, kuanzia nzito ya hezi 250 mpaka nyembamba ya hezi 8000. Omba upewe karatasi yenye mchoro, ni yako. Sikio lililoumizwa na kelele huwa na alama yake: mstari unakwenda vizuri kwenye sauti nzito, unaporomoka kama shimo karibu na hezi 4000, kisha mara nyingi unapanda kidogo ukifika 8000. Kwa mtu aliyesimama na mashine miaka kumi na moja, nategemea sana kuona shimo hilo.

Sasa hilo la kushoto zaidi. Ukisimama kazini, injini iko upande gani? Kama iko kushoto kwako, tofauti inaelezeka. Lakini hiyo ni dhana tu mpaka ipimwe. Kama mchoro utaonyesha sikio moja limeharibika zaidi ya jingine kwa kiasi kikubwa, daktari atataka picha ya MRI kuangalia kama kuna uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa sikio. Uvimbe huo ni nadra, kwa kawaida si saratani, na hukua polepole, ila ni lazima ujulikane mapema. Hicho ndicho kipimo kimoja cha gharama kubwa ambacho ningekuambia uza hata mbuzi ukifanye, ikiwa mchoro utakidai. Kama mchoro hauonyeshi tofauti kubwa, usikubali kuuziwa picha hiyo kwa wasiwasi tu.

Na kuna hali ambazo hazisubiri kliniki ya wiki ijayo. Sikio likipoteza usikivu ghafla, ndani ya saa chache au siku tatu, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo: kuna dawa za kundi la steroidi zinazoweza kuokoa usikivu, zina nafasi nzuri zaidi zikianza ndani ya wiki mbili za mwanzo, na kila siku inayopita inapunguza nafasi hiyo. Kizunguzungu kikali chenye kutapika, uso kulegea upande mmoja, au mlio ulioanza baada ya kupigwa kichwani, nenda mara moja.

Sasa nikueleze kwa nini matone hayakusaidia, maana ukilielewa hili utajiokolea pesa nyingi. Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinywele, elfu kumi na tano hivi kwa kila sikio, zinazogeuza sauti kuwa ishara za kwenda kwenye ubongo. Kelele ya miaka mingi inaziua, na kwa binadamu hazioti tena. Zinazokufa mapema ni za sauti nyembamba. Ubongo ukikosa ishara kutoka eneo hilo unaongeza usikivu wake, kama mtu anayefungua redio mpaka mwisho pale stesheni isiposhika, na kinachosikika ni ule mvumo wa redio yenyewe. Mlio wako unatengenezwa huko. Zamani wako wagonjwa waliokatwa mshipa wa fahamu wa sikio katika upasuaji, na wengi wao waliendelea kusikia mlio kwenye sikio ambalo halikuwa na mawasiliano tena na ubongo. Basi tone la dawa linaloishia kwenye ngoma ya sikio halina njia ya kufika mahali mlio ulipo.

Je, kidonge kinachopita kwenye damu? Mlango huo umegongwa sana. Mwaka 1935 daktari Robert Bárány aliripoti kwamba dawa ya ganzi ikipitishwa kwenye mshipa wa damu inaweza kuuzima mlio, lakini ni kwa muda mfupi tu, na dawa yenyewe inaweza kuvuruga moyo, kwa hiyo haikuwa tiba ya kuishi nayo. Tangu hapo zimejaribiwa dawa za kifafa, za huzuni, za mzunguko wa damu, madini ya zinki. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2022 ilikadiria kwamba watu zaidi ya milioni 740 duniani wana mlio wa aina hii. Soko la ukubwa huo lingemtajirisha kupita kiasi yeyote mwenye kidonge kinachofanya kazi, na bado mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha hata kimoja kwa ajili ya mlio wa masikio. Mwaka 2014 madaktari wa masikio wa Marekani walitoa mwongozo wao wakaandika wazi: zinki, melatonini (homoni ya usingizi), majani ya mti wa ginkgo na virutubisho vingine visipendekezwe kwa wagonjwa hawa. Kuhusu sindano za Kichina, zile za kuchomwa mwilini bila dawa (akupancha), walisema ushahidi hautoshi kupendekeza wala kukataza.

Hilo jani la ginkgo ndilo linalojaa kwenye vidonge vya masikio vinavyotoka nje, kwa hiyo lisome jina kwenye kopo la huyo muuzaji. Nchini Uingereza walilipima kwa watu 1,121 kwa majuma 12, na matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Nusu walipewa ginkgo ya miligramu 50 mara tatu kwa siku, nusu kidonge kinachofanana nacho kisicho na dawa, na hawakujua nani anakunywa kipi. Katika watu 360 wa ginkgo waliojibu mwishoni, 34 walisema mlio unawasumbua kidogo kuliko mwanzo. Katika 360 wa kidonge kitupu, waliosema hivyo walikuwa 35.

Zitazame tena hizo namba, 34 na 35. Muuzaji angeweza kuwasimamisha mbele yako watu 34, wote wakisema kweli tupu kwamba walikunywa na wakapata nafuu. Hakuna hata mmoja anayedanganya. Lakini wale 326 ambao hawakupata kitu hawasimami mbele ya mtu, wako majumbani kwao wakihesabu hasara. Na nafuu ya wale 34 ingekuja hata wangekunywa unga wa muhogo, kwa sababu mlio huu hupanda na kushuka wenyewe, na mtu hununua dawa wiki ile umezidi kabisa. Baada ya wiki mbaya kuliko zote, inayofuata mara nyingi ni afadhali kidogo, na sifa anapewa aliyekuwa karibu.

Bado unaweza kutaka kujaribu kitu, na sitakulaumu. Mtu asiyelala anajaribu. Ila jaribio liwe na uzio, na uzio huo ujengwe kabla pesa haijatoka.

Kwanza angalia madhara. Chochote kinachoingia tunduni, hapana: mafuta ya moto, mshumaa wa sikio, mvuke, unga. Chochote kinachokutaka uache dawa za presha, kisukari au nyingine ulizoandikiwa, hapana. Kidonge kisichotaja viungo vyake, hapana, kwa sababu vidonge vya mitishamba vimewahi kukutwa vimechanganywa na steroidi za siri, mgonjwa anajisikia mwepesi wiki mbili huku sukari na presha vinapanda. Muulize muuzaji namba ya usajili na uihakiki kwa TMDA, yaani mamlaka ya dawa na vifaa tiba, au kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kama anasema ni dawa ya asili. Uielewe pia kazi ya namba hiyo: inakuonyesha bidhaa inajulikana na mamlaka, haikuonyeshi kwamba inaponya masikio.

Pili, hesabu gharama yote. Wengi mnakumbuka kikombe cha dawa ya mitishamba cha Samunge kule Loliondo, mwaka 2011. Kikombe chenyewe kilikuwa shilingi 500. Gharama halisi ilikuwa nauli kutoka mikoa yote, siku za kulala kwenye foleni, na vidonge vya VVU na vya kisukari ambavyo watu waliviacha nyumbani wakiamini wamepona. Kwako wewe, hesabu nauli, siku ambazo mashine haikuzungushwa, na hiyo ada ya watoto. Kaeni wewe na mkeo muandike kiasi cha mwaka mzima ambacho kikipotea chote hakuna mtoto atakayerudishwa shule. Kama kiasi hicho ni elfu thelathini, basi ndiyo elfu thelathini. Kikiisha, mwaka umeisha. Laki saba za nyuma zisiingie kwenye hesabu hii. Zimekwenda, na haziwezi kuwa sababu ya kufuatisha nyingine.

Tatu, kipimo. Nunua daftari. Kila siku saa ile ile, tuseme baada ya chakula cha usiku, andika namba mbili kati ya 0 na 10: ukubwa wa mlio, na usumbufu wake. Ni vitu viwili tofauti, na utashangaa siku ambazo mlio ni 7 lakini usumbufu ni 3. Andika hivyo wiki mbili kabla hujagusa kitu chochote kipya. Kisha jaribu kitu kimoja tu, kwa muda uliouandika mapema, wiki nne hadi nane. Mwishoni linganisha wastani, siyo siku ya mwisho. Usumbufu ukishuka kwa namba 2 au zaidi, acha hicho kitu wiki mbili uone kama utapanda tena. Usipopanda, hakikuwa chenyewe. Ukipanda, rudia mara moja tena. Anayeuza kitu cha kweli hataogopa daftari hili, na hatakulazimisha kununua dozi ya miezi mitatu kwa mkupuo. Mwombe akuuzie ya wiki mbili uone atakavyojibu.

Kuna gharama nyingine ya kujaribu ambayo haionekani kwenye daftari la matumizi. Kila dawa mpya inakufanya uamke asubuhi ukisikiliza: umepungua? haujapungua? Ubongo unaofundishwa kila siku kwamba sauti hii ni jambo kubwa hauwezi kuizoea. Mlio wa nyenje wa kweli huko porini huusikii baada ya nusu saa, siyo kwa sababu wamenyamaza, bali kwa sababu kichwa kimeamua hauna habari. Watu wengi wenye mlio wa masikio hufika hapo, mara nyingi kati ya miezi sita na mwaka na nusu. Wewe una miaka miwili, na naamini mambo mawili yanakuzuia. La kwanza ni huku kutafuta kusikokoma. La pili ni kelele inayoendelea kukuumiza kila siku.

Hiyo kelele ndiyo ningependa uishughulikie hata kabla ya kipimo. Mashine ya kukoboa yenye injini ya dizeli kwa kawaida huzidi desibeli 90 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kwa viwango vinavyotumiwa na wataalamu wa afya kazini Marekani, sikio linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu: 88 saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja, 100 dakika 15. Msimu wa mpunga, foleni ya magunia inapokesha, unapita muda huo kabla chai ya asubuhi haijapoa. Kama huna kipimo, tumia hiki: mtu aliye umbali wa mkono mmoja kutoka kwako akilazimika kupaza sauti ili umsikie, umeshapita 85.

Pamba uliyosokota sikioni haizuii kitu cha maana. Tafuta vizibo vya sponji, vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini na baadhi ya famasi. Mikono iwe misafi. Kisokote kiwe chembamba kama njiti, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 20 hadi 30 mpaka kitanuke. Kikiwa kimekaa vizuri, sauti yako mwenyewe itasikika nzito kama uko ndani ya pipa. Kikionekana nusu yake nje, hakijaingia. Vile vya kufunika sikio zima ni rahisi zaidi kwa kijana anayepakia, maana vumbi la pumba huchafua sponji haraka. Kwa injini yenyewe: bomba la moshi litoke nje ya ukuta na liwe na kipunguza sauti kizima, beringi zilizochakaa zibadilishwe, mkanda ukazwe, na miguu ya injini ikae juu ya vipande vya tairi la zamani ili bati na sakafu visitetemeke nayo. Ukiweza kujenga ukuta wa tofali kati ya injini na mahali unapopimia mzani, hiyo ni bora kuliko dawa yoyote uliyonunua. Wateja na watoto wasubiri nje.

Lakini nyumbani vizibo vitoke. Anayeziba masikio mahali pa kimya anaufanya ubongo uongeze usikivu zaidi, na mlio unapanda.

Ukimya wa usiku ndio unaokutesa, kwa hiyo usiufuate. Weka sauti ndogo chumbani: feni, redio iliyowekwa katikati ya stesheni mbili, au sauti ya mvua iliyorekodiwa kwenye simu ambayo haihitaji bando kila usiku. Kiwango chake kiwe chini kidogo ya mlio, uweze kuvisikia vyote viwili. Ukiufunika kabisa, ubongo hauna cha kuzoea. Lala na kuamka saa zilezile hata kama umelala vibaya. Chai na kahawa huhitaji kuziacha: watafiti wa Bristol walijaribu kuwaachisha watu kafeini wakakuta mlio haukupungua, ila kuachishwa kwenyewe kuliwaumiza kichwa na kuwapa kichefuchefu.

Kama mchoro utaonyesha usikivu umepungua, uliza habari ya kifaa cha kusaidia kusikia. Sauti za nje zikirudi, mlio hupungua kwa watu wengi kwa sababu ubongo umepata cha kusikiliza. Na njia iliyopimwa zaidi ya zote ni mazungumzo na mwanasaikolojia yanayobadili namna unavyoufikiria mlio na unavyoishi nao. Uchambuzi wa mwaka 2020 ulikusanya majaribio 28 yenye watu 2,733, ukaona njia hiyo inapunguza athari ya mlio kwenye maisha ya mtu. Ukubwa wa sauti haubadiliki sana, usumbufu ndio unaoshuka. Wataalamu hao ni wachache nje ya hospitali kubwa, kwa hiyo ukienda kwa ajili ya kipimo, uliza siku hiyohiyo kliniki ya afya ya akili kama kuna anayefanya kazi hiyo. Na ikitokea usiku ukajikuta unafikiri afadhali usiwepo, mwamshe mkeo umwambie, na asubuhi mwende hospitali pamoja. Hilo halina uzio wa bajeti.

Kwa mkeo na kaka yako nina neno moja kwa wote. Kaka yako anasema kweli kwamba mgonjwa asiachwe, basi akusindikize kwenye kipimo, na akisaidia pesa iwe ya vizibo na ukuta wa injini. Mkeo anasema kweli kuhusu ada, na yeye ndiye afadhali ashike daftari la namba, kwa sababu ataona siku ulizokuwa mchangamfu ambazo wewe mwenyewe hukuziona.

Kuacha kutafuta dawa ya kuuzima mlio basi kuwe na tarehe. Ukishapimwa na hakuna kilichofichika, funga mlango huo kwa mwaka mmoja. Katika mwaka huo, mtu akikuletea dawa mpya, mwambie umeahirisha, andika jina la dawa hiyo nyuma ya daftari. Mwaka ukiisha, nenda nayo kwa daktari wa masikio umuulize kama kuna lililopimwa kati ya hayo. Vitu vipya vinakuja kweli: Machi 2023 mamlaka ya Marekani iliruhusu kifaa kinachopitisha umeme mdogo kwenye ulimi pamoja na sauti masikioni. Nacho kinalenga kupunguza usumbufu, na bei yake ni maelfu ya dola, kwa hiyo hakikufai kwa sasa. Mlango unafunguliwa kabla ya mwaka kwa sababu moja tu, nayo ni mwili kubadilika: mlio kuanza kudunda na moyo, sikio la kushoto kuziba ghafla, kizunguzungu, usaha.

Wiki hii fanya matatu: nunua vizibo, anza daftari, na uliza siku ya kliniki. Ukishapata mchoro, niandikie namba zilizo kwenye hezi 2000, 4000 na 8000 kwa kila sikio, na uniambie injini inakaa upande gani.